Mwongozo kamili wa kutazama episodi ya 300 ya Grey's Anatomy: uanzie wapi, uangalie nini, uendelee hadi wapi

Grey's Anatomy, tamthilia ya madaktari wa upasuaji, ilianza kurushwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 27 Machi 2005, na episodi yake ya 300 ilitoka tarehe 9 Novemba 2017. Katikati hapo wamepita wahusika wengi. Wengine walizikwa, wengine walihama mji, na episodi hiyo imeandikwa kwa kuamini kwamba mtazamaji anawakumbuka wote. Ukiifungua ukiwa mgeni utaona ajali, majeruhi na madaktari wanaokimbia, na mwishoni utamwona mama mmoja nyuma ya kioo akipiga makofi. Aliyeifuata tamthilia tangu mwanzo hapo machozi humtoka. Mgeni huuliza, "Huyu mama ni nani tena?"

Mwongozo huu ni wa huyo mgeni, na wa yule aliyekuwa akiifuata akaachia njiani. Nataka ufike kwenye yale makofi ukijua yametoka wapi. Huhitaji kutazama episodi zote 299 zilizotangulia. Kwa mpangilio wangu unahitaji 18, jumla ya saa 13 hivi. Nitakutajia moja moja na sababu yake.

Tahadhari moja kabla hatujaanza. Kuanzia hatua ya 3 nataja nani anafariki na nani anaondoka. Kama wewe ni wa kutaka kila kitu kikukute hujajiandaa, soma hatua ya 1 na ya 2, kisha funga ukurasa ukatazame. Zilizobaki utazisoma baadaye.

Hatua ya 1: Hakikisha unafungua episodi yenyewe

Kosa linalowapata wengi ni kutafuta namba 300. Huduma za kutazamia tamthilia hazihesabu kwa jumla, zinahesabu kwa misimu, kwa hiyo hakuna mahali utakapoona "300" imeandikwa. Unachotafuta ni msimu wa 14, episodi ya 7, yenye jina "Who Lives, Who Dies, Who Tells Your Story". Misimu 13 ya kwanza ina jumla ya episodi 293. Ongeza saba, ndiyo 300.

Jina hilo limetoka kwenye wimbo wa Hamilton, tamthilia ya jukwaani ya Lin-Manuel Miranda. Karibu episodi zote za Grey's Anatomy hubeba majina ya nyimbo, na ukilizoea hilo utapata wepesi, kwa sababu jina mara nyingi hukudokezea kinachokuja. Hili linauliza nani ataishi, nani atakufa, na nani atabaki kusimulia habari zako. Likae kichwani.

Usiichanganye na episodi nyingine za kusherehekea namba. Ya 100 ni msimu wa 5, episodi ya 22, ambayo ni ya harusi. Ya 200 ni msimu wa 10, episodi ya 4. Ya 400 ndiyo iliyofunga msimu wa 18, Mei 2022. Halafu kuna ya 332, msimu wa 15, episodi ya 15, iliyotoka tarehe 28 Februari 2019. Hiyo ndiyo iliyoipita ER ya NBC, iliyokuwa imefunga hesabu yake kwa episodi 331 mwaka 2009, na kuifanya Grey's Anatomy kuwa tamthilia ya hospitali yenye episodi nyingi kuliko zote za jioni kwenye televisheni ya Marekani. Nasema Marekani kwa makusudi, maana Waingereza wana Casualty, inayoendelea BBC tangu 1986 na iliyokwisha kupita episodi 1,000.

Kwa kumbukumbu, ya 332 ni muhimu kwa rekodi. Ya 300 ni muhimu kwa hadithi. Ukiniuliza ipi ukae chini uitazame kwa utulivu, sisiti hata kidogo.

Hatua ya 2: Chagua njia yako

Kama hujawahi kutazama chochote, fuata orodha hii kwa mpangilio wake:

- Msimu wa 1, episodi ya 1
- Msimu wa 2, episodi ya 16 na 17
- Msimu wa 3, episodi ya 14, 15, 16 na 17
- Msimu wa 5, episodi ya 24
- Msimu wa 6, episodi ya 1
- Msimu wa 8, episodi ya 24
- Msimu wa 10, episodi ya 24
- Msimu wa 11, episodi ya 21
- Msimu wa 14, episodi ya 1 hadi ya 6

Hizo ni 18. Inayofuata ndiyo ya 300.

Kama ulikuwa ukiifuata ukaachia msimu wa 6 au wa 8, anzia pale ulipoachia uje chini, lakini rudia msimu wa 3, episodi ya 14 na ya 17. Hata kama unaamini unazikumbuka, rudia. Na kama uliwahi kufika mwisho na sasa unataka tu kuionja tena, chukua tatu: ya kwanza kabisa, kisha hizo mbili za msimu wa 3. Ni kama saa mbili tu, na zitabadilisha unavyoiona ya 300.

Jambo moja litakuchanganya ukirukaruka misimu: hospitali inabadilika jina. Inaanza ikiitwa Seattle Grace, baadaye inaunganishwa na nyingine na kuwa Seattle Grace Mercy West, na kufika msimu wa 10 unaisikia ikiitwa Grey Sloan Memorial. Ni hospitali ile ile, korido zile zile. Jina la mwisho limetokana na Lexie Grey na Mark Sloan, madaktari wawili wa hapo, na sababu utaiona mwishoni mwa msimu wa 8.

Hatua ya 3: Mfuate Ellis Grey kwanza

Watu wengi wakiizungumzia Grey's Anatomy huzungumzia mapenzi ya Meredith Grey, mhusika mkuu, na Derek, daktari mwenzake. Nayo ni mazuri. Ila episodi ya 300 imesimama juu ya uhusiano mwingine, wa Meredith na mama yake, Dkt. Ellis Grey, ambaye huigizwa na Kate Burton. Ukiukosa uzi huu, umeikosa episodi.

Anza na episodi ya kwanza, "A Hard Day's Night". Meredith anaingia kazini akiwa daktari mpya wa upasuaji aliye kwenye mafunzo, na zamu yake ya kwanza ni ya saa 48. Kila mtu hospitalini anajua ni binti wa nani, kwa sababu Ellis Grey ni jina kubwa katika fani hiyo. Wanadhani mama yupo mahali fulani anaandika kitabu au anasafiri. Mwishoni mwa episodi Meredith anaenda kumwona, na ndipo tunapogundua kwamba Ellis yuko kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Ana ugonjwa wa Alzheimer. Anamtazama binti yake na kumuuliza kama yeye ndiye daktari. Meredith anamjibu kwamba yeye si daktari wake, ila ni daktari. Dakika zile usizipite ukiwa unaangalia simu.

Sasa ruka hadi msimu wa 3, episodi ya 14, "Wishin' and Hopin'". Ellis analetwa hospitalini, na kwa muda mfupi akili inamrudia. Anamtambua binti yake. Mtoto yeyote mwenye mzazi mgonjwa wa namna hii anaijua ndoto hiyo, kwamba siku moja ataamka, atakuita jina lako, mtakaa mzungumze. Meredith anaipata siku hiyo. Anamweleza mama yake kwamba ana furaha, kwamba kuna mtu anampenda. Na Ellis anamgeukia kwa hasira. Anamwambia kwamba hakumlea aje kuwa hivi, kwamba ameamka baada ya miaka mingi na kukuta binti yake si zaidi ya mtu wa kawaida.

Mtu wa kawaida. Ndilo jeraha ambalo Meredith anatembea nalo kuanzia hapo.

Episodi tatu zinazofuata, ya 15 hadi ya 17, ni za ajali ya feri. Meredith anaanguka majini wakati akimhudumia majeruhi, na kuna wakati anaacha kupambana. Anaopolewa akiwa hana mapigo. Wakati madaktari wanahangaika kumrudisha, sisi tunakuwa naye mahali pengine, katikati ya uhai na kifo, akiwa na watu waliokwisha fariki. Mmoja wao ni mtaalamu wa mabomu aliyefariki hospitalini msimu wa 2, bomu lilipolipuka, na ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kukuwekea zile episodi mbili za msimu wa 2 kwenye orodha. Kwenye korido anakutana na mama yake. Ellis anamwambia kwamba yeye ni kila kitu isipokuwa mtu wa kawaida, na anamsukuma arudi. Meredith anazinduka. Ellis ndiye amefariki.

Hapo kuna swali ambalo tamthilia haikulijibu kwa miaka 10. Je, Ellis alisema maneno yale kweli, au ni akili ya Meredith iliyokuwa ikizama na kujitungia mama aliyemhitaji? Mimi nadhani ni hilo la pili, na nadhani Meredith mwenyewe analijua. Ndiyo maana tukio la mwisho la episodi ya 300 lina nguvu kiasi kile.

Ukipata muda wa ziada, ongeza msimu wa 11, episodi ya 4, "Only Mama Knows". Inaturudisha kwenye ujana wa Ellis na uhusiano wake na Dkt. Richard Webber, na inaonyesha mtoto Meredith aliona nini nyumbani. Si ya lazima. Ila ukishaitazama utamwelewa Ellis bila kumwonea huruma kupita kiasi na bila kumchukia.

Hatua ya 4: Wajue watatu waliokosekana

Madaktari wapya walioanza pamoja walikuwa watano: Meredith, Cristina Yang, Izzie Stevens, George O'Malley na Alex Karev. Kufikia episodi ya 300 wamebaki wawili, Meredith na Alex. Pamoja nao, waliokuwepo tangu siku ya kwanza ni Dkt. Miranda Bailey na Dkt. Webber, wakubwa wao wa kazi. Hao wanne ndio wenye kumbukumbu zote, na episodi imewatumia hivyo.

George ndiye wa kwanza kuondoka. Katika episodi ya kwanza anapewa kufanya upasuaji wa kwanza mbele ya wenzake, kutoa kidole tumbo, naye anapoteza mwelekeo katikati. Wenzake wamekaa kwenye jukwaa la kioo lililo juu ya chumba cha upasuaji, wanamtazama na kuwekeana dau la fedha kama ataweza au hataweza. Anatoka pale na jina la utani 007, mwenye leseni ya kuua. Mwisho wa msimu wa 5 analetwa majeruhi aliyegongwa na basi akimwokoa mwanamke asiyemjua. Uso hautambuliki. Anamshika Meredith kiganja na kuandika kwa kidole: 007. Utani wa siku ya kwanza ndio uliomtambulisha. Episodi ya 1 ya msimu wa 6 ni ya msiba wake.

Sababu ya pili ya zile mbili za msimu wa 2 ni Bailey. Siku ya bomu ndiyo siku aliyojifungua, na George ndiye aliyekaa naye akamtia moyo. Mtoto akapewa jina la George ndani ya jina lake. Kwa hiyo ukimwona Bailey kwenye episodi ya 300 anamkazia macho kijana fulani, kumbuka kwamba kwake George hakuwa mwanafunzi tu.

Izzie unatakiwa kumjua kupitia Alex. Walioana katika ile episodi ya 100, Izzie akiwa na saratani iliyosambaa. Alipona, lakini akafukuzwa kazi, ndoa ikavunjika, na katikati ya msimu wa 6 akaondoka bila Alex kujua kwa hakika alikoelekea. Hakuna kaburi wala taarifa.

Cristina ni habari nyingine. Yeye aliondoka kwa heri mwishoni mwa msimu wa 10, Mei 2014, kwenda kuongoza kituo cha moyo Zurich. Episodi ya kuagana kwake ni ya kutazama yote, ukimaliza uitazame tena ile sehemu ya kucheza muziki.

Nimeongeza msimu wa 8, episodi ya 24, na msimu wa 11, episodi ya 21, kwa sababu ya misiba mingine miwili. Ya kwanza ni ya ndege iliyoanguka, iliyomuua Lexie, mdogo wake Meredith kwa baba. Ya pili ni kifo cha Derek, mume wake, Aprili 2015. Ukiwa na haraka unaweza kuziruka na bado ukaielewa ya 300. Ila utakuwa unamwona Meredith amesimama bila kujua ameangushwa mara ngapi.

Hatua ya 5: Ijue tuzo, kisha tazama episodi sita za mwanzo za msimu wa 14

Kwenye dunia ya Grey's Anatomy tuzo kubwa ya upasuaji inaitwa Harper Avery. Ni tuzo ya kutungwa, usiitafute. Ellis aliipata mara mbili. Cristina aliwania akaikosa msimu wa 10 kwa sababu taasisi inayoitoa ndiyo iliyokuwa ikimiliki hospitali yake, na uchungu ule ulichangia kumwondoa. Kwa Meredith, basi, tuzo hiyo ni kipimo cha mama yake na ni deni la rafiki yake, kwa pamoja.

Msimu wa 14 unaanza na Megan Hunt, dada yake Owen, daktari mwenzake Meredith. Megan alikuwa amepotea vitani Iraq kwa miaka mingi na kupatikana akiwa hai. Tumbo lake limeharibika vibaya. Meredith anamfanyia upasuaji wa kumpandikizia ukuta wa tumbo kutoka kwa mtu aliyefariki. Upasuaji wa aina hiyo upo kweli duniani, ingawa ni nadra. Kwa kazi hiyo Meredith anateuliwa kuwania Harper Avery. Humo humo kuna Amelia, daktari na dada yake Derek, anayegundulika na uvimbe kwenye ubongo, na kuna Nathan Riggs, ambaye Meredith alikuwa ameanza kumpenda, anayemrudia Megan, mchumba wake wa zamani. Hizi mbili zitazame bila kujilazimisha kukariri kila kitu.

Zipo sababu za hadithi ya msimu huu kurudi nyuma kiasi hiki. Mwandishi wa episodi ya 300, Krista Vernoff, alikuwa mmoja wa waandishi wa miaka ya mwanzo. Aliondoka mwaka 2011 na kurudi msimu huu wa 14 akiwa msimamizi wa uandishi. Aliwajua George na Izzie tangu walipokuwa hai kwenye karatasi zake. Na aliyeongoza episodi ni Debbie Allen, ambaye ndani ya tamthilia anaigiza Catherine Avery, mkuu wa taasisi inayotoa tuzo hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Andaa kikao

Hapa sina mengi. Kila episodi ni kama dakika 42. Ukitumia bando la simu, pakua zote 18 ukiwa kwenye waifai, tena zipakue kwa orodha ya hatua ya 2, maana ukiiachia programu ijiendeshe itakupeleka kwenye episodi inayofuata na mpangilio utaharibika.

Weka maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Madaktari hawa huongea haraka, tena wawili watatu kwa wakati mmoja, na majina ya dawa na vifaa yanapita kama risasi. Huhitaji kuyajua. Ukisikia wametaja kifaa usichokijua, angalia nyuso zao. Zitakuambia kama hali ni mbaya. Na usichukue matibabu yoyote ya humo ukayapeleka kwa mgonjwa nyumbani. Ni hadithi, imeandikwa ikuguse, haikuandikwa ikufundishe tiba.

Kama unatazama na familia, zipo picha za upasuaji zilizo wazi na mambo ya faragha ya watu wazima. Watoto wadogo walale kwanza. Na kama kuna mtu nyumbani aliyemzika mzazi mwenye Alzheimer hivi karibuni, mwambie mapema kuhusu msimu wa 3. Nimeona mtu akiinuka na kutoka sebuleni kwenye episodi ya 14, na sikumlaumu.

Usizipange 18 kwa siku moja. Mpangilio ninaoupenda ni huu: ya kwanza na za msimu wa 2 siku moja, za msimu wa 3 siku nyingine peke yake, misiba ya katikati siku ya tatu, kisha msimu wa 14 wote hadi ya 300 kwa mkupuo.

Hatua ya 7: Tazama episodi ya 300 ukiwa na macho haya

Meredith alikuwa asafiri kwenda kwenye sherehe ya tuzo. Inatokea ajali kwenye uwanja wa burudani: kile kitreni cha michezo kinachopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli za juu kimechomoka na kudondoka. Majeruhi wanamiminika. Meredith anabaki.

Simama hapo kwanza. Kubaki kwake ni kitu ambacho Ellis angekifanya. Kwa miaka yote binti huyu ameogopa kuwa mama aliyeweka kazi mbele ya kila mtu, na sasa anachagua mgonjwa na kuiacha sherehe yake mwenyewe. Ila Ellis aliifuata kazi na sifa zake kwa pamoja, na Meredith hapa anazikimbia sifa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomtofautisha na mama.

Pili, majeruhi. Mmoja anafanana na Cristina, mwingine na Izzie, mwingine na George. Si watu wa kutoka kaburini, wala tamthilia haidai hivyo. Ni wageni waliofanana tu, kama unavyoweza kumwona mtu kituo cha basi akakukumbusha marehemu ukasahau ulikuwa unaenda wapi. Hapo usiwaangalie majeruhi sana. Waangalie Meredith, Alex, Bailey na Webber. Wenzao wapya wanaona majeruhi watatu, wao wanaona kitu kingine, na waigizaji hawa wanne wanalibeba hilo kwa macho zaidi kuliko kwa maneno. Alex anapoongea kuhusu maisha anayomfikiria Izzie kuwa nayo sasa, sikiliza hadi mwisho. Ni mwanaume anayempangia furaha mtu aliyemwacha.

Tatu, na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine: jukwaa la kioo. Kwenye episodi ya kwanza lilikuwa mahali pa dau na kejeli, vijana wakisubiri mwenzao aharibu. Ukirukia ya 300 utalikuta jukwaa lile lile limejaa watu wa Meredith. Yeye yuko chini, mikono kazini. Habari ya ushindi inamkuta humo humo, kwenye chumba cha upasuaji, akiwa na barakoa usoni. Anainua macho. Wote wamesimama wanapiga makofi. Na katikati yao yupo Ellis.

Kamera haifafanui. Sisi tunajua Ellis amefariki miaka 10 iliyopita, na Meredith anajua. Kumbuka swali la hatua ya 3. Pale korido ya msimu wa 3 Meredith alihitaji mama wa kumwambia kwamba si wa kawaida ndipo akubali kurudi kuishi. Safari hii hayuko kufani. Yuko mzima, katikati ya kazi anayoiweza, na bado mtu wa kwanza anayemtafuta kwa macho ni yule aliyemwambia kwamba hatoshi. Ukimtazama usoni wakati huo, nusu ya uso ikiwa imefunikwa, utaona Ellen Pompeo, anayemwigiza Meredith, anafanya kazi yote kwa macho peke yake.

Ukimaliza, rudisha nyuma uitazame tena dakika ile ile, safari hii ukiwaangalia watu wa jukwaani badala ya Meredith.

Hatua ya 8: Usiishie hapo

Endelea na episodi ya 8 na ya 9 za msimu huo huo. Mume wa zamani wa Jo, daktari mpenzi wa Alex, ni Paul, aliyemtesa hadi Jo akakimbia na kubadilisha jina. Sasa anajitokeza hospitalini. Episodi ya 9 haina jina la wimbo. Jina lake ni namba ya simu, 1-800-799-7233, ambayo ni namba halisi ya Marekani ya kuwasaidia watu wanaopigwa na wenza wao. Walioamua kuvunja desturi ya majina kwa ajili ya hilo walijua wanachokifanya.

Kisha nenda msimu wa 14, episodi ya 20 na ya 21. Hapo inabainika kwamba Harper Avery mwenyewe, daktari ambaye tuzo inabeba jina lake, aliwadhalilisha wanawake waliofanya kazi chini yake, na taasisi ikawalipa wanyamaze. Mmoja wao ni Marie Cerone, mshirika na rafiki wa Ellis, ambaye jina lake liliondolewa kwenye uvumbuzi walioufanya pamoja. Meredith anairudisha tuzo. Yale makofi ya episodi ya 300 yanabaki kuwa makofi ya mama, lakini sasa unajua mama yule alinyamazia nini ili kubaki na jina lake. Usiikwepe sehemu hii kwa kutaka furaha ya 300 ibaki safi. Waandishi wameipanga ndani ya msimu mmoja ili uzione zote mbili.

Ya mwisho ni msimu wa 16, episodi ya 16, "Leave a Light On", ya Machi 2020. Justin Chambers, aliyemwigiza Alex, alikuwa ameshaacha tamthilia, na Alex anaagwa kwa barua. Humo tunaelezwa Izzie yuko wapi, na kwamba ana watoto mapacha. Wapo waliochukizwa na barua zile, hasa kwa jinsi Jo, ambaye wakati huo alikuwa mke wa Alex, alivyoachwa, nami naona wana haki. Lakini itazame mara tu baada ya kurudia kile kipande cha Alex kwenye episodi ya 300, zikiwa zimefuatana, kabla hujasoma maoni ya mtu mwingine yeyote.